Oili ya Mlima

Jumatatu, 19 Mei

Ukungu hadi karibu na mchana. Nimefungua gereji, nimekunywa chai, nimebadilisha pedi za breki za pikapu ya Malindi, kijiji cha huku huku milimani. Mwenye nayo hubeba kabichi mpaka springi zinalala, halafu anashangaa breki zinaisha. Baada yake hakuja mtu.

Nimeliwasha gari langu nikakaa ndani, vioo nimefunga. Linanuka. Mimi sisikii vizuri tena, nimezoea, lakini macho yamewasha.

Niandike wazi nisije nikajidanganya. Kila injini huvujisha moshi kidogo kupita kwenye ringi za pistoni. Moshi unashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unachanganyika na mvuke wa oili, na lazima upate pa kutokea. Ukiuziba unasukuma sili nje. Kiwandani waliweka mpira wa kuurudisha ndani ya injini ukaunguzwe. Mimi nilipofunga turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, niliutoa ule mpira, nikaweka breza, kichujio kidogo chekundu juu ya kava ya tapeti, mfuniko wa juu wa injini, kama nilivyoona kwenye picha za magari ya mashindano. Kinapendeza. Kinatema moshi chini ya boneti, moshi unaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, na abiria anaumeza.

Jumatano, 21 Mei

Mama Eliza amepiga simu kutoka Tanga. Tangu tuachane hupiga kukiwa na shida tu.

"Baba Eliza, mtoto hataki kuja huko likizo."

"Kwa nini?"

"Anasema gari linanuka, na wewe unanuka kama gari."

Nimesema basi nitamfuata kwa basi. Amecheka. "Na huko juu utampandisha nini? Punda? Desemba katapika pale Soni mbele ya watu, kichwa kikamuuma hata chakula hakutaka. Huo moshi si wa kumvutisha mtoto."

Mume wake wa sasa ana ndugu mjini Moshi. Wanakwenda huko likizo yote, na nafasi ya Eliza ipo. Nimeomba. Mwishowe amekubali hivi: nishuke Tanga na gari Jumamosi inayofuata Idi, yeye mwenyewe apande, vioo vimefungwa. Asiposikia harufu, Eliza anakuja kwangu. Akiisikia, Moshi.

Mtoto wangu ni mmoja. Ana miaka kumi na miwili. Akizoea Moshi mwaka huu, mwakani hakuna atakayeniuliza.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Nimeng'oa breza. Nimeunga mpira kutoka kava ya tapeti hadi bomba la hewa kabla ya turbo, mahali panapovuta. Moja kwa moja, bila kitu katikati. Kazi fupi. Nimejiona mwerevu.

Jumamosi, 24 Mei

Si mwerevu. Nimeshuka hadi Mombo na kurudi. Kwenye kona za kupanda, kioo cha nyuma kimejaa moshi wa bluu. Lori la mbao lililokuwa nyuma limenipigia honi mpaka nikaliachia njia. Utingo akatoa kichwa: "We fundi! Unapuliza dawa ya mbu?" Wenzake juu ya mbao wamecheka, na mimi nimecheka. Nilipofika nyumbani sikuona cha kuchekesha.

Nimefungua bomba. Oili imelowa hadi kwenye turbo. Kumbe moshi haurudi mikono mitupu, unabeba oili, na injini inaiunguza. Harufu ndani imepungua. Lakini siwezi kuingia Tanga nikifuka hivi.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani. Benchi la nyuma. Mchungaji ameniuliza mlangoni Eliza anakuja lini. Nimesema mwezi ujao. Akasema tutamwona kwenye kwaya ya watoto. Nimeitikia.

Nyumbani nimelala mchana kutwa. Sikuwa mgonjwa.

Jumatatu, 26 Mei

Nimetengeneza kopo la kunasia oili. Mtungi mdogo mtupu wa kuzimia moto, nimeukata, nimeuosha, nimeuchomelea tena. Ndani nimejaza madodoki ya chuma ya kusugulia masufuria. Moshi unaingia ubavuni, unapenya kwenye madodoki, oili inanasa na kudondoka chini, moshi mkavu unaendelea na safari. Chini nimeweka koki ya kumwagia.

Njia za kutokea ni mbili. Moja inakwenda kwenye bomba kabla ya turbo, kwa ajili ya kupanda. Nyingine inakwenda kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, kwa ajili ya kushuka, maana ukishuka Soni kwa gia bila kukanyaga mafuta, injini inavuta kama mtu anayefyonza muwa. Hiyo ya pili nimeiwekea valvu ya njia moja, ili turbo ikianza kusukuma isipulize kurudi kwenye sampu. Nimeipima kwa mdomo. Upande mmoja inapita, upande wa pili haipiti. Ladha ya oili haijatoka ulimini hadi sasa.

Nimekula wali wa jana nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeshuka hadi Mazinde na kupanda tena. Kopo linafanya kazi. Linafanya kazi kupita kiasi. Nilipofika juu nimefungua koki, ikamwagika oili kana kwamba nimefungua sampu yenyewe. Moshi wa bluu umerudi kwenye kona za mwisho, kopo likiwa limejaa na kufurika.

Na juu ya oili kulikuwa na kitu cheupe. Kama mtindi. Nimetazama kifuniko cha kujazia oili. Huko nako kuna mtindi.

Nimeogopa.

Ijumaa, 30 Mei

Mzee Kaniki amekuja kunywa chai. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye mtu pekee anayekuja gereji hii bila gari bovu. Nimemwamkia, nimempa kiti, nimemwonyesha kopo. Amechovya kidole.

"Gasketi ya silinda hedi, Yoeli. Maji yameingia kwenye oili. Fungua."

"Mzee, rejeta haipungui maji."

"Itapungua ukiwa Segera, na mtoto yumo ndani."

Kisha akauliza kama nimeweka ya mlima. Nimesema kila safari. Hapa kwetu hakuna fundi asiyeweka. Oili ikifika alama ya juu kwenye dipstiki, kijiti cha kupimia oili, unaongeza nusu lita, hiyo ni ya mlima. Mzee ndiye aliyenifundisha, na nusu ya mafundi wa Lushoto wamefundishwa na yeye au na wanafunzi wake.

Nikifungua silinda hedi sasa, sitaifunga kabla ya siku ya Tanga. Gasketi yake haipatikani huku. Nimekaa na spana mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 1 Juni

Sijafungua. Jana jioni nilijaza rejeta hadi ukingoni nikaiwekea alama. Leo baada ya ibada nimezunguka na gari Irente na Magamba, nikaliacha lipoe. Maji yapo palepale. Gasketi ni nzima.

Mtindi ni baridi tu. Moshi wa injini una mvuke wa maji. Asubuhi za huku, ukienda mwendo mfupi, injini haipati moto wa kutosha kuukausha. Unaganda kwenye kifuniko na kwenye kopo. Tanga hawatauona kamwe.

Nimefurahi, nikageuka kumwambia mtu. Hakuna mtu.

Jumanne, 3 Juni

Hili niliandike taratibu.

Nimeshuka tena Mazinde. Nimeegesha mahali tambarare, mbele ya duka la saruji, nikisubiri injini ipoe. Kwa kukosa la kufanya nimevuta dipstiki. Oili ilikuwa juu ya alama kwa urefu wa kidole. Nimeifuta, nimeichomeka, nimeivuta tena. Kidole kizima.

Asubuhi uani kwangu ilisoma chini ya alama. Niliongeza mpaka alama, kisha nikaongeza ya mlima.

Ua wangu umeinama. Wilaya nzima imeinama. Gari likiwa limeinua pua, oili inakimbilia nyuma ya sampu na dipstiki inadanganya. Sisi tunaiamini, tunaongeza. Halafu juu yake tunaweka nusu lita kwa desturi. Krankshafti, mhimili wa injini, inapozunguka inaipiga ile oili kama mtu anayepiga mayai. Inakuwa povu, povu linabebwa na moshi, linajaa kwenye kopo. Nami nikifika nyumbani ninajaza tena ile iliyotoka. Nimekuwa nikiilisha injini kitu inachokitapika.

Nimefuta dipstiki kwa shati. Mwenye duka ameuliza kama gari limekufa. Nimesema hapana, ni zima kabisa. Amenitazama kwa sababu nilikuwa nacheka.

Jumatano, 4 Juni

Nimelisawazisha gari uani kwa mawe na mbao chini ya magurudumu ya nyuma, pima maji juu ya kizingiti cha mlango. Imechukua muda. Nimepunguza oili hadi alama. Hadi alama tu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemweleza Mzee Kaniki. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa mjinga.

Aliweka kikombe chini. Akaanza Kishambaa, ambacho kwangu hukitumia akiwa amekasirika. Kwamba aliendesha lori la kabichi kabla sijazaliwa. Kwamba kwenye mteremko wa Soni taa ya oili iliwaka mbele ya macho yake, oili ilikuwa imekimbilia mbele ya sampu, pampu ikafyonza hewa, na beringi zikalia. Kwamba tangu siku ile aliongeza, na haikuwaka tena. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, pole pole, kama anayezungumza na ofisa.

"Utaliua kwenye kona, na mtoto yumo ndani. Usije ukasema hukuambiwa."

Nimesema, "Mzee, lori lile na gari hili sampu si moja." Hili lina vizuizi ndani, oili haikimbii. Nimechora chini kwa chaki. Hakutazama. Ameondoka bila kumaliza chai.

Hajawahi kuacha chai.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Jirani zangu wameniletea pilau na nyama. Nimekula yote. Mji umechangamka, watoto wamevaa nguo mpya. Gereji imefungwa.

Mzee hakuja jana wala leo. Nimehesabu watu niliozungumza nao wiki hii zaidi ya salamu na bei ya spea. Sitaandika jibu.

Jumapili, 8 Juni

Na kama Mzee ndiye aliye sahihi? Yeye aliiona taa ikiwaka. Mimi nimechora kwa chaki.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefunga geji ya presha ya oili juu ya dashibodi, kubwa, ya mshale. Taa huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Mshale husema mapema. Nikipanda kona zote na mshale ukitulia, nitajua. Ukicheza, nitaongeza oili, nitakubali kopo lijae, na Eliza ataenda Moshi.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nimemkuta Mzee Kaniki amesimama karibu na gari, amevaa koti la kanisani. Shikamoo. Marahaba. Hakugusa habari ya chai.

"Nimesikia umefunga geji."

"Ndiyo, mzee."

"Nani ataitazama? Wewe utatazama barabara."

Akafungua mlango, akakaa.

Tumeshuka vioo vikiwa vimefungwa. Mombo tumegeuza. Kupanda nimekanyaga hasa, turbo inapiga mluzi, kona kushoto, kona kulia, matairi yanalia. Mzee alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na hakuuondoa uso kwenye mshale. Kwenye kona ile kali chini ya Soni, ambako lori lake lilimfanyia mambo, nimesikia amevuta pumzi. Mshale ulitulia. Hata kidogo haukucheza.

Soni tumesimama. Nimefungua koki ya kopo. Imetoka oili ya kujaza kizibo cha soda, na mtindi kidogo. Nyuma hakuna moshi.

Mzee ametazama kizibo muda mrefu. "Taa yangu iliwaka," akasema.

"Najua, mzee."

"Iliwaka kweli."

"Najua."

Nikamuuliza kama amesikia harufu ndani. "Mimi pua yangu ilikufa zamani, Yoeli. Na yako inaifuata. Tafuta pua ya mtu anayeoga."

Kulikuwa na mama anayeuza viazi kando ya barabara. Nimemwomba aingie anuse gari langu. Alifikiri nimelewa. Mzee akamhakikishia kwa Kishambaa kwamba sina pombe, nina mtoto Tanga. Basi akafunga khanga vizuri, akaingia, akafunga mlango mwenyewe, akakaa kama bibi harusi. Nimeacha injini ikinguruma.

"Haya, unasikia nini, mama?"

"Nasikia mzee huyu amekula vitunguu."

Mzee amecheka hadi amekohoa. Tumenunua ndoo nzima ya viazi kwa aibu.

Jioni amekunywa chai. Vikombe viwili. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikuhitaji aseme. Nilihitaji anywe chai.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefua shati jeupe. Nimesugua mikono kwa sukari na sabuni mpaka ikawa myekundu. Chini ya kucha bado peusi. Nimekata kucha. Nimenusa mikono, nimenusa koti, nimenusa mto wa kitanda cha Eliza. Pua yangu haifai. Nimeanika kila kitu.

Nimefikiria tutakayozungumza njiani. Shule. Marafiki zake. Kama bado anapenda kuchora. Nitamweleza kidogo kuhusu kopo, akiuliza.

Jumamosi, 14 Juni

Tanga joto. Mama Eliza alitoka na mkoba begani kama anayekwenda ofisini. Alikaa mbele, akasema funga vioo. Tumezunguka mtaa, tukaenda hadi Raskazone na kurudi, jasho linatutiririka sote wawili. Kwenye taa za kuongozea magari niliacha injini ikinguruma. Hapo ndipo zamani harufu ilikuwa inaingia. Aliinamia matundu ya hewa, uso karibu kabisa. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Akaegemea kiti. "Umeoga," akasema.

"Na gari?"

"Gari pia. Fungua kioo, tutakufa."

Eliza alikuwa ameshafunga begi. Sijui kama alifunga kwa ajili yangu au kwa ajili ya Moshi. Sikuuliza. Amerefuka. Amesema shikamoo baba, ameingia, ameweka mguu juu ya kiti, amechomeka nyaya masikioni.

Muheza alikuwa amelala. Segera alikuwa amelala. Korogwe nimenunua machungwa, hajaamka. Baada ya Mombo nimefunga vioo kwa sababu ya baridi ya mlimani, nikapanda kona zote pole pole, mguu mwepesi, turbo haikupiga hata mluzi. Kichwa chake kilikuwa kinaelekea kila upande wa kona. Pale Soni nilimtazama kuliko nilivyotazama barabara. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Mdomo wazi, ndani ya gari langu.

Yale niliyoyapanga sikusema hata moja. Tumefika jioni. Amekula kidogo, amelala tena.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu mzito. Sikwenda ibada. Nimewasha jiko la mkaa jikoni, nimechemsha maziwa, nimekaa nikisikiliza kama ameamka. Sikumbuki kama anaweka sukari.

Ametoka na blanketi mabegani. Amesimama mlangoni akisikiliza. Nje hakukuwa na gari wala mtu.

"Baba, huku kuko kimya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe unakuwa na nani?"

Nimesema Mzee Kaniki huja asubuhi. Amesubiri niendelee.

Amevuta kigoda akakisogeza karibu na jiko. Halafu ameshika kiti changu kwa nyuma, nikiwa nimekikalia, akajaribu kukivuta nacho. Hakikwenda. Nimenyanyuka kidogo, akakisogeza, nikakaa.

Anaweka sukari. Nyingi.